Maneno Madogo ya Mantiki: Uhakiki wa Istilahi za Mwanzo za Nadharia ya Seti katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa majina. Huulizwa kitu fulani kinaitwaje. Jina likipatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lisipopatikana, lugha huhukumiwa kuwa maskini. Mtazamo huo umezaa matunda yasiyostahili kubezwa. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, watoto wa nchi hiyo wamejifunza hesabu kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka huohuo, limesanifisha istilahi za nyanja nyingi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hisabati haikutajwa katika anwani ya kamusi hiyo.

Makala haya yanahakiki istilahi za mwanzo za mantiki ya kihisabati na nadharia ya seti, yaani zile ambazo mwanafunzi hukutana nazo katika majuma ya kwanza ya masomo ya chuo kikuu. Hoja inayotetewa ni moja. Ugumu mkubwa hauko katika majina kama “seti”, “muungano” au “makutano”. Uko katika maneno madogo ambayo kila msemaji hudhani anayajua: “ni”, “-mo”, “na”, “au”, “si”, “kila”, “kama”. Majina yanaweza kukopwa kwa siku moja. Maneno madogo hayakopwi. Ni lazima yachunguzwe ndani ya lugha yenyewe.

Hoja hii ina uzito wa pekee mjini Kisangani. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo, kikaunganishwa na vyuo vingine mwaka 1971 na kupata uhuru wake tena mwaka 1981, hufundisha kwa Kifaransa. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mhitimu wa hisabati huenda kufundisha wanafunzi ambao, nje ya darasa, huzungumza Kiswahili na Kilingala. Wakimwuliza kwa nini jambo ni kweli, hana budi kulieleza kwa lugha wanayoielewa. Ikiwa maneno madogo ya lugha hiyo hayajapimwa, atabomoa kwa mdomo kile alichokijenga ubaoni.

2.0 Majina na mitego yake

Si kwamba majina hayana matatizo. “Seti” imekopwa kutoka Kiingereza, na kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi haina utata. Mjini Kisangani hali ni nyingine. Sikio lililozoea Kifaransa, na ambalo sokoni husikia bei zikitajwa kwa Kifaransa, husikia ndani ya “seti” namba 7. Mwalimu akisema “seti ya elementi 5”, kuna atakayesikia namba mbili zinazogombana. Wengine wangependa “kundi”, lakini neno hilo linahitajika kwingine: katika aljebra kundi ni seti yenye kanuni ya kuunganisha elementi zake na masharti maalumu. Neno moja haliwezi kuwa jina la kitu na la kitu kingine kilichojengwa juu yake.

“Fungu” lina mvuto zaidi, kwa kuwa kila mtu amewahi kuona mafungu ya samaki au nyanya yamepangwa sokoni. Lakini mfano huo hukatika upesi. Nyanya 2 zinazofanana ni nyanya 2 katika fungu. Katika seti, kitu kilichotajwa mara mbili huhesabiwa mara moja. Tena fungu lisilo na kitu si fungu, hakuna mama wa soko atakayeliuza. Lakini seti tupu ni seti kamili, na bila hiyo nadharia haisimami.

“Mwanachama”, lililopendekezwa na baadhi ya watu badala ya “elementi”, linaburuta nyuma yake watu, kadi na michango. Nchini Kongo linaburuta historia pia: wakati wa chama kimoja cha MPR, kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Aidha, neno la ngeli ya watu haliwafai namba na nukta bila kuulazimisha upatanisho wa sarufi.

Jina linalopotosha kuliko yote ni “seti ndogo”. Seti A ni seti ndogo ya B ikiwa kila elementi ya A ni elementi ya B. Kwa maana hiyo kila seti ni seti ndogo ya yenyewe. Mwanafunzi huuliza, kwa haki kabisa, kitu kinawezaje kuwa kidogo kuliko chenyewe. Mambo huzidi kuwa magumu katika seti zisizo na mwisho, ambazo Georg Cantor wa Ujerumani alianza kuzichunguza katika makala yake ya mwaka 1874. Namba shufwa ni seti ndogo ya namba za kuhesabia, lakini ukiilinganisha 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, na kuendelea hivyo, hakuna namba itakayobaki bila mwenzake upande wowote. “Seti ndogo” si ndogo hata kidogo.

Je, jina libadilishwe? Yawezekana, lakini jina jipya litaleta mtego wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kosa halikurekebishwa na jina. Limerekebishwa na fasili. Na fasili hiyo imejengwa kwa maneno matatu tu yenye nguvu: “ikiwa”, “kila” na “ni”. Majina yote yanarudi kuegemea hapo.

3.0 “Ni” na “-mo”

Neno “ni” hufanya kazi tatu ambazo mantiki huzitenganisha. Katika “Juma ni mwalimu”, mtu mmoja anatajwa kuwa elementi ya seti ya walimu. Katika “Walimu ni wafanyakazi”, seti moja inatajwa kuwa seti ndogo ya nyingine. Katika “Stanleyville ni Kisangani”, majina mawili yanatajwa kuwa ya mji mmoja. Utata huu si ila ya Kiswahili. Kifaransa na Kiingereza vinao vilevile. Ndiyo maana Giuseppe Peano wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1889, alitumia alama ya pekee kwa uhusiano wa elementi na seti yake.

Hapa Kiswahili kina chombo ambacho orodha za istilahi zimekipita bila kukitazama. Viambishi vya mahali “-po”, “-ko” na “-mo” hutenganisha penye uhakika, kusiko na uhakika na ndani. Kusema “2 imo katika seti A” ni kuonyesha uelementi bila kuuchanganya na usawa wala na seti ndogo. Mwalimu akishikilia “imo” kwa elementi, na akaliacha “ni” kwa usawa, nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza yatapata mahali pa kusahihishwa.

Hata hivyo chombo hiki kina makali pande mbili. Katika maisha ya kila siku, kuwa ndani hurithishwa: mtungi umo jikoni, jiko limo nyumbani, basi mtungi umo nyumbani. Uelementi haurithishwi hivyo. Mji wa Kisangani una komini 6: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Seti ya komini hizo na iitwe K. Lubunga imo katika K. Mkazi wa Lubunga yumo Lubunga. Je, mkazi huyo yumo katika K? La. K ina elementi 6, na zote ni komini; hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Anayejibu kwamba yumo ameuchukua mji mahali pa seti.

Mfano huohuo unafundisha zaidi. Komini iliyoko ng’ambo ya kushoto ya mto ni moja tu, Lubunga. Seti ya komini za ng’ambo hiyo na iitwe L. Lubunga na L si kitu kimoja: Lubunga ina nyumba, njia na watu, L ina elementi moja. Lubunga imo katika K, lakini L haimo katika K. L ni seti ndogo ya K. Kisha iko sentensi ambayo mkazi yeyote wa mji huu aweza kuitamka bila kukosea: “Kisangani imo Kisangani.” Ya kwanza ni komini, ya pili ni mji. Asiyejua kwamba jina ni moja na vitu ni viwili atadhani amekutana na kitu kilichomo ndani yake chenyewe.

Swali kama seti yaweza kuwamo ndani yake yenyewe si mchezo. Mwaka 1902 Bertrand Russell wa Uingereza alimwandikia barua Gottlob Frege wa Ujerumani, akimwonyesha kwamba ukiruhusu seti ya seti zote zisizokuwamo ndani yake zenyewe, mkinzano hauepukiki: ikiwamo, haimo, isipokuwamo, imo. Mkinzano huu huelezwa kwa mfano wa kinyozi anayewanyoa wote wasiojinyoa, na hao tu. Je, hujinyoa? Kwa mwanaisimu neno “wasiojinyoa” lastahili kutazamwa: “wa-si-o-ji-nyoa”. Wingi, ukanushi, urejeshi na utendwaji wa nafsi kwa nafsi vimo katika neno moja, navyo ndivyo viungo ambavyo mkinzano wa Russell unahitaji. Anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba hoja hiyo hajaitazama sarufi yake. Dawa ya mkinzano ilitolewa na Ernst Zermelo mwaka 1908 kwa mikataa iliyowekea mipaka namna ya kuunda seti, na mikataa hiyo nayo huandikika kwa “kila”, “ipo” na “imo”.

4.0 “Na”, “au”, “si” na “wala”

Kauli mbili huunganishwa kwa “na” pale zote mbili zinapodaiwa kuwa kweli. Ukanushi ukiingia, utata huanza. “Hakununua mchele na chumvi” huweza kumaanisha kwamba hakununua hata kimoja, au kwamba hakuvinunua vyote viwili pamoja. Kanuni zinazohusishwa na Augustus De Morgan wa Uingereza hutenganisha maana hizo: kukanusha “A na B” ni kusema “si A au si B”, kukanusha “A au B” ni kusema si hiki wala si kile. Mwanafunzi anayekariri kanuni hizi kwa Kifaransa, huku masikio yake yakisikia sentensi ya sokoni, hana budi kuonyeshwa mahali ambapo sentensi hiyo inagawanyika.

“Au” lina mgawanyiko mwingine. Anayeulizwa “Utakunywa chai au kahawa?” anatarajiwa kuchagua kimoja. Lakini tangazo lisemalo “Aingie mwenye kadi ya uchaguzi au pasipoti” halimzuii mwenye vyote viwili. Hisabati hutumia maana ya pili. Imewahi kudokezwa kwamba “au” libaki na maana hiyo, na “ama” lichukue maana ya kuchagua kimoja. Pendekezo hilo ni zuri katika karatasi, lakini halina mizizi: wasemaji wengi huyatumia maneno hayo mawili bila tofauti, na mjini Kisangani linalosikika zaidi ni “ao”. Ni afadhali kulifasili “au” mara moja, na kila inapohitajika maana ya kuchagua kuongeza “lakini si vyote viwili”.

Hazina iliyopuuzwa ni “wala”. “Si A wala B” ni kweli pale tu A na B zote zinapokuwa si kweli. Mwaka 1913 Henry Sheffer wa Marekani alionyesha kwamba kiunganishi kimoja chatosha kuunda vingine vyote, na “si … wala” ni mojawapo ya viunganishi vyenye uwezo huo. “Si A wala A” ni sawa na “si A”. Kauli “A na B” hupatikana kwa kukanusha ukanushi wa kila moja kwa “wala”. Kauli “A au B” ni ukanushi wa “si A wala B”. Kile ambacho vitabu hukileta kama ugunduzi wa mbali, mtoto wa Kiswahili hukitamka anaposema hana kalamu wala daftari. Zoezi la kujenga viunganishi vyote kwa neno hilo lingeweza kufanywa darasani kwa saa moja.

5.0 “Kila” na “kama”

Wavuvi wa Wagenia hutega mitego yao mikubwa ya vikapu katika maporomoko ya mto. “Kila mvuvi ana mtego” haisemi jambo lilelile na “Kuna mtego ambao ni wa kila mvuvi”. Katika kauli ya kwanza mitego yaweza kuwa mingi kama wavuvi. Katika ya pili ni mmoja kwa wote. Tofauti ni mpangilio wa “kila” na “kuna” tu, nayo ndiyo tofauti inayowaangusha wengi wanapofika kwenye fasili ya kikomo katika uchanganuzi wa hisabati. Vivyo hivyo “Wanafunzi wote hawakufaulu” huwagawanya wasikilizaji, ilhali “Si wanafunzi wote waliofaulu” haiwagawanyi. Lugha inazo njia zote mbili; kinachokosekana ni desturi ya kuchagua.

“Kila” katika mazungumzo hudokeza kwamba vitu vipo. Katika mantiki halidokezi. Hapa ndipo seti tupu inapowatisha wanafunzi, nayo ndiyo inayodhihirisha uwezo wa Kiswahili. Seti tupu ni seti ndogo ya kila seti. Uthibitisho wake ni huu: Chukua seti yoyote A. Ili seti tupu isiwe seti ndogo ya A, ni lazima iwepo elementi iliyomo katika seti tupu na isiyomo katika A. Lakini katika seti tupu hamna elementi. Basi seti tupu ni seti ndogo ya A. Neno lililobeba uthibitisho ni “hamna”. Si “hakuna”, ambalo lingekanusha popote, wala “hapana”, ambalo lingekanusha hapa. Ni “hamna”, linalokanusha ndani. Ni vigumu kupata neno lifaalo zaidi.

“Kama” ni dhaifu kwa kazi ya mantiki, kwa sababu lina kazi nyingi mno: sharti, mfano, swali na makadirio. “Ikiwa” ni salama zaidi. Mzazi akimwambia mtoto “Ukifaulu nitakupa baiskeli”, ahadi huvunjwa katika hali moja tu: mtoto kufaulu na baiskeli isitolewe. Akishindwa na bado akapewa, mzazi hakusema uongo. Hiyo ndiyo maana ya sharti katika hisabati. “Ungefaulu ningekupa” ni kauli nyingine kabisa, kwa kuwa tayari inadokeza kwamba hakufaulu. Na “tu” hugeuza sharti zima: “Mwenye kadi huingia” na “Mwenye kadi tu ndiye huingia” ni kauli zinazoelekea pande mbili, na “ikiwa na ikiwa tu” ndiyo inayozifunga pamoja.

6.0 Hatari ya kuigeuza sarufi kuwa mantiki

Baada ya kuzisifu “-mo”, “wala” na “hamna”, kuna kishawishi cha kudai kwamba Kiswahili kina mantiki yake ya Kibantu. Njia hiyo imekwisha kupitwa. Mwaka 1956 padri na mwanafalsafa Alexis Kagame wa Rwanda alizipanga ngeli za Kinyarwanda katika makundi manne ya kuwapo, “umuntu”, “ikintu”, “ahantu” na “ukuntu”, akizilinganisha na kategoria za Aristotle. Kazi yake ilikuwa ya kijasiri, nayo iliwalazimisha wasomi kuzitazama lugha za Kiafrika kama mahali pa kufikiri. Lakini Paulin Hountondji wa Benin, miongoni mwa wengine, aliupinga mwelekeo wa kusoma falsafa ya umma mzima ndani ya desturi na lugha yake.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi wa tahadhari hiyo. Tuseme P ni seti ya nomino zinazoanza kwa kiambishi “ki-”, na R ni seti ya nomino zinazopatanishwa kwa “a-”. “Kiti” na “kisu” zimo katika P, hazimo katika R. “Mtu” na “simba” zimo katika R, hazimo katika P. “Kijana”, “kipofu”, “kiongozi” na “kiboko” wa mtoni zimo katika zote mbili. Makutano ya P na R si seti tupu. Basi umbo la ngeli haligawi viumbe katika vyumba visivyoingiliana. Hapa nadharia ya seti imetumika kuihakiki sarufi, wala sarufi haikugeuzwa kuwa nadharia ya seti. Ndiyo njia iliyo salama: lugha hutoa vyombo, na fasili huamua matumizi yake.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu hauzikatai orodha za istilahi. Unadai kwamba zimeanzia mahali pasipo mwanzo. Kabla ya kugombania “seti”, “kundi” au “fungu”, kitabu cha utangulizi kwa Kiswahili kingepaswa kuwa na sura moja inayofasili “ni”, “imo”, “na”, “au”, “si”, “wala”, “kila”, “kuna”, “ikiwa” na “tu”, kwa mifano iliyopo machoni pa msomaji na pamoja na mitego ya kila neno. Sura hiyo haimhitaji mtaalamu wa hisabati peke yake; inamhitaji na mwanaisimu, na ni kazi ambayo idara za lugha zimekuwa zikiiachia wengine.

Yanayotegemea kazi hiyo si heshima ya Kiswahili, ambayo haina haja ya kutetewa kwa maneno makubwa. Ni hali ya mwanafunzi anayeweza kuandika kwa Kifaransa kwamba seti tupu ni seti ndogo ya kila seti, akapata alama zake, na asiweze kumweleza mdogo wake sababu. Uthibitisho ambao mtu hawezi kuutoa kwa lugha anayofikiria bado si wake. Ameuazima, na kilichoazimwa hurudishwa mtihani ukiisha.